Bibi aliyejenga shule juu ya jalala la Daytona

WATALII wengi wanaokwenda Daytona Beach, katika jimbo la Florida, Marekani, hufuata mambo mawili: bahari na magari. Mchanga wa pwani hiyo umeshikana na kuwa mgumu kiasi kwamba hadi leo kuna sehemu ambazo magari huruhusiwa kupita juu yake. Zamani, kabla uwanja mkubwa wa mbio haujafunguliwa mwaka 1959, madereva walishindana pale pale ufukweni, mawimbi yakiwa upande mmoja na watazamaji upande wa pili.

Lakini mgeni akiipa bahari kisogo na kuvuka daraja la Mto Halifax kuingia upande wa bara, atakuta barabara yenye jina la mwanamke: Dr. Mary McLeod Bethune Boulevard. Kando ya barabara hiyo kipo Chuo Kikuu cha Bethune-Cookman. Ndani ya eneo la chuo, katikati ya majengo ya madarasa na mabweni, kuna nyumba nyeupe ya mbao yenye ghorofa moja, na nyuma ya nyumba hiyo kuna kaburi.

Nyumba, madarasa na kaburi viko katika uwanja mmoja, kwa sababu mwenye nyumba hakutenganisha mambo hayo hata alipokuwa hai. Alikuwa mwalimu, mama na bibi. Alikuwa pia Mkristo aliyeamini kwamba sala ya asubuhi ni lazima ionekane mikononi kabla ya jioni. Kazi zote hizo alizifanyia mahali pamoja kwa zaidi ya miaka 50.

Mary McLeod hakuzaliwa Florida. Alizaliwa tarehe 10 Julai 1875 karibu na Mayesville, South Carolina, akiwa mtoto wa 15 kati ya watoto 17. Wazazi wake, Samuel na Patsy, walikuwa watumwa hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865. Familia ililima pamba, na mama alikuwa akifua nguo za Wazungu.

Siku moja mtoto Mary alimfuata mama yake katika nyumba ya waliokuwa mabwana zao. Akaona kitabu, akakishika. Mtoto wa Kizungu wa pale nyumbani akamwambia akiweke chini, kwa kuwa yeye hajui kusoma. Mwenyewe alikisimulia kisa hicho hadi uzeeni. Alisema hapo ndipo alipotambua kwamba tofauti kati ya nyumba yao na nyumba ile ilikuwa katika kitabu.

Shule ya watoto weusi ilipofunguliwa Mayesville na wamisionari wa Kipresbiteri, familia ya McLeod haikuwa na uwezo wa kuwaachia watoto wote waende, kwa sababu pamba haivunwi na wazee peke yao. Akachaguliwa mmoja. Mary alitembea maili kadhaa kila siku kwenda na kurudi, na jioni aliwafundisha nduguze aliyoyasikia mchana. Kwa hiyo ualimu wake ulianzia nyumbani, kwa wanafunzi ambao baadhi yao walikuwa wakubwa kuliko yeye.

Aliendelea na masomo katika Seminari ya Scotia, huko North Carolina, kwa msaada wa mwanamke ambaye hakuwa tajiri. Alikuwa mshona nguo wa Denver, mbali magharibi mwa nchi, aitwaye Mary Crissman, ambaye kutokana na akiba yake ndogo alijitolea kumsomesha mtoto mmoja asiyemjua. Baadaye, Bethune alipokuwa akiomba michango kwa matajiri, hakuwasahau wenye senti chache.

Kutoka Scotia alikwenda Chicago mwaka 1894 kusoma katika chuo cha Biblia cha Dwight Moody. Nia yake ilikuwa moja tu, kuja Afrika kuwa mmisionari. Alipomaliza aliomba kutumwa na Kanisa la Presbiteri. Akajibiwa kwamba hakuna nafasi ya mmisionari mweusi barani Afrika.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jibu hilo lina uzito wake. Miaka hiyo hiyo, vituo kama Freretown, karibu na Mombasa, na Mbweni, Zanzibar, vilikuwa vikiwalea na kuwafundisha watu waliotolewa utumwani, na baadhi ya walimu wake walitoka Ulaya. Huko Marekani, binti wa watumwa waliowekwa huru alikuwa akiomba kuja Afrika kufundisha, naye akafungiwa mlango. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuna jambo lililomuumiza katika ujana wake kama hilo. Baadaye alisema aligundua kwamba Waafrika waliokuwa Marekani walimhitaji kama wale waliokuwa ng'ambo.

Akaanza kufundisha. Akiwa Augusta, Georgia, alifanya kazi chini ya Lucy Laney, mwalimu mweusi aliyeanzisha shule yake mwenyewe, na hapo akaona kwa macho kwamba jambo hilo linawezekana. Mwaka 1898 aliolewa na Albertus Bethune, na mwaka 1899 wakapata mtoto wao wa pekee, Albert. Waliishi Palatka, Florida, ambako Mary aliendesha shule ya kanisa, akawatembelea wafungwa, na kuuza bima ili mkono uende kinywani.

Ndipo akasikia habari za Daytona. Reli ya pwani ya mashariki ya Florida ilikuwa ikijengwa, na familia za vibarua weusi zilikuwa zikiishi katika hali duni huku watoto wao wakikosa shule. Mwaka 1904 alifika huko na mwanawe. Mfukoni alikuwa na dola 1.50.

Tarehe 3 Oktoba mwaka huo alifungua shule katika nyumba ndogo ya kupanga ya dola 11 kwa mwezi. Wanafunzi walikuwa wasichana watano, na wa sita alikuwa Albert, mtoto wa mwalimu, mwenye umri wa miaka mitano. Madawati yalikuwa makasha ya mizigo. Wino ulikamuliwa kutoka matunda ya porini, na kalamu za kuandikia zilikuwa vijiti vilivyochomwa moto hadi ncha ikawa mkaa. Mwalimu alipita majalalani na nyuma ya mahoteli akiokota taa zilizovunjika, viti vya miguu mitatu na vyombo vyenye ufa, akavisafisha na kuvitengeneza. Wasichana walijifunza kuvitengeneza pamoja naye, na hilo nalo likahesabiwa kuwa somo.

Waswahili husema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Bethune aligaagaa na upwa wa Daytona kwelikweli. Usiku alioka pai za viazi vitamu pamoja na wanafunzi, na mchana wakaziuza kwa vibarua wa ujenzi na kwa watalii. Wasichana waliimba katika mahoteli ya matajiri waliokuja kukimbia baridi ya kaskazini, na sahani ilipopitishwa, kilichopatikana kililipa kodi ya nyumba.

Shule ilipozidi kujaa, alitafuta ardhi. Kipande alichoweza kukimudu kilikuwa jalala la mji, bwawa lililojaa takataka ambalo watu walikwisha kuliita jina la jehanamu. Alitanguliza dola tano, nazo zilitoka katika mauzo ya pai. Walilisafisha eneo hilo kidogo kidogo, na mwaka 1907 wakahamia katika jengo la kwanza, ambalo alilipa jina la Faith Hall, yaani Jumba la Imani. Mgeni anayetembea leo kwenye nyasi za chuo hicho anakanyaga ardhi ambayo mji uliitumia kutupa taka.

Wenye fedha waliofika Daytona walizoea kutoa sadaka na kuondoka. Bethune aliwataka wakae. Inasimuliwa kwamba James Gamble, wa kampuni ya sabuni ya Procter & Gamble, alipofika kuiona shule aliyoombwa kuisimamia, alishangaa kukuta kibanda na makasha, akauliza shule iko wapi. Mwalimu akamjibu kwamba iko ndani ya akili na roho yake. Gamble akakubali kuwa mdhamini. Thomas White, mwenye kiwanda cha cherehani, aliona wasichana wakishona kwa mashine mbovu ya kampuni nyingine, akarudi na cherehani mpya. Jengo kuu la zamani la chuo, White Hall, lina jina lake.

Ndani ya madarasa watoto walifundishwa kusoma, hesabu na Biblia, lakini pia kupika, kushona, kulima bustani na kufanya usafi. Kuna waliomlaumu kwamba anawaandaa mabinti kuwa watumishi wa Wazungu. Yeye aliona kwamba msichana anayejua kupika na kusoma hatalala njaa wala hatadanganywa kwa karatasi. Kadiri miaka ilivyokwenda aliongeza masomo ya juu, hadi shule ikatoa walimu na wauguzi.

Jumapili alasiri milango ilifunguliwa kwa mji mzima. Sheria na desturi za Florida ziliwatenga watu kwa rangi kila mahali, lakini katika mikutano hiyo hapakuwa na viti vya weupe na viti vya weusi. Aliyefika alikaa alipopata nafasi.

Kuna habari moja ambayo waandishi wa maisha yake huipitia haraka, lakini ukurasa wa familia hauwezi kuiruka. Mwaka 1907, mwaka ule ule wa Jumba la Imani, mume wake aliondoka. Alirudi South Carolina, na hawakuishi pamoja tena hadi alipofariki mwaka 1918. Shule ilikuwa imekula nyumba. Mtoto Albert alikua akimgawana mama yake na mabinti wengi waliomwita mama pia. Wanaosoma habari za watu wakubwa mara nyingi huona jengo wasione aliyelipia. Gharama ya lile la Daytona haikulipwa kwa pai peke yake. Sehemu yake ililipwa na ndoa na mtoto mmoja.

Hata hivyo, mabinti wale alikuwa mama yao kweli. Karibu mwaka 1911 mmoja wao alishikwa na maumivu makali ya kidole tumbo. Bethune alimkimbiza hospitali ya Wazungu, akaomba apasuliwe. Alipokwenda kumtazama, alimkuta amelazwa kwenye kibaraza cha nyuma, nje ya wodi. Hakupiga kelele. Alirudi nyumbani akatafuta fedha, akafungua hospitali ndogo karibu na shule, akaipa jina la ukoo wake, McLeod. Iliwatibu watu weusi wa Daytona kwa miaka mingi na kufundisha wauguzi.

Mwaka 1920 wanawake wa Marekani walipata haki ya kupiga kura. Kwa weusi wa Kusini haki hiyo ilizungukwa na vikwazo, kwani ilikuwapo kodi ya kulipwa kabla ya kupiga kura, na kulikuwa na vitisho. Bethune alizunguka kwa baiskeli akichangisha fedha za kodi, na usiku akawafundisha watu wazima kusoma. Inasimuliwa kwamba usiku wa kuamkia uchaguzi, watu wa Ku Klux Klan waliandamana hadi uwanjani wakiwa na kanzu na vinyago vyao vyeupe. Mabweni yalikuwa na watoto. Mwalimu aliamuru taa zote ziwashwe, akasimama mbele ya mlango, na wasichana wakaanza kuimba nyimbo za dini. Waandamanaji wakapita na kwenda zao. Kesho yake aliwaongoza watu wake kituoni, wakasubiri siku nzima, wakapiga kura.

Mwaka 1923 shule yake ya wasichana iliungana na shule ya Cookman, kutoka Jacksonville, na mwaka 1931 ikachukua jina la Chuo cha Bethune-Cookman. Mwaka huo wa 1931 kijana mshairi Langston Hughes alipita Daytona na rafiki yake wakiwa na gari bovu. Bethune, ambaye alikuwa na safari ya New York, akaomba lifti. Baadaye Hughes aliandika kwamba katika safari nzima hawakuhangaika kutafuta hoteli, ambazo kwa kawaida ziliwakataa watu weusi, wala hawakununua chakula. Kila mji walipofika palikuwa na nyumba iliyomfahamu Mama Bethune, ikawafungulia mlango na kuwapikia. Kwa utani akasema kuku wa njia ile walijua mama huyo akipita hawatabaki. Wengi waliompokea walikuwa wamewahi kumsikia, au watoto wao walipita mikononi mwake. Mwalimu wa kijijini kwetu aliyestaafu hupokewa vivyo hivyo akishuka basi.

Washington nayo ikamhitaji. Mwaka 1935 aliunda Baraza la Taifa la Wanawake Weusi, na kuanzia 1936 hadi 1943 aliongoza idara ya masuala ya weusi katika shirika la serikali la vijana, wakati wa Rais Franklin Roosevelt. Mke wa Rais, Eleanor Roosevelt, alikuwa rafiki yake, na alipokuja Daytona alilala katika nyumba ile nyeupe. Chumba cha wageni bado kinaonyeshwa.

Lakini mwanamke aliyeingia Ikulu ya Marekani hakuruhusiwa kuoga baharini katika mji wake. Ufukwe wa Daytona ulikuwa wa weupe. Katika miaka ya 1940 yeye na wenzake walinunua kipande cha pwani kusini mwa New Smyrna Beach, katika wilaya hiyo hiyo ya Volusia, wakauza viwanja kwa familia za watu weusi, ili watoto wao nao wapate mahali pa kuchezea mawimbi. Mahali hapo panaitwa Bethune Beach hadi leo, na ni mwendo wa muda mfupi kwa gari kutoka Daytona.

Uzeeni alirudi katika nyumba yake. Mjukuu wake, aliyepewa jina la baba yake, Albert, alikuwa amemlea mwenyewe kama mwanawe wa kuzaa. Pengine mjukuu huyo alipata ule muda wa bibi ambao mwanawe alikuwa ameukosa. Bibi wengi hulipa deni kwa njia hiyo.

Hatua chache kutoka chuoni, katika Mtaa wa Whitehall, iko nyumba nyingine ya bibi. Hapo alikulia Howard Thurman, aliyekuja kuwa mhubiri mashuhuri. Alilelewa na bibi yake, Nancy Ambrose, aliyezaliwa utumwani na ambaye hakujua kusoma. Mjukuu ndiye aliyemsomea Biblia, naye bibi alichagua sura za kusomewa. Nyaraka za Mtume Paulo alizikataa karibu zote, kwa kuwa mhubiri wa bwana wake alizitumia kuwaamuru watumwa watii. Mtoto huyo alikua akimwona Mary Bethune akija kanisani kwao kuzungumza na kuomba michango. Bethune alipofariki, Thurman ndiye aliyehubiri katika mazishi yake.

Kabla ya hapo kulikuwa na safari moja ya kukamilisha. Januari 1952, akiwa na umri wa miaka 76, Bethune alitumwa na serikali ya Marekani kuhudhuria sherehe ya kuapishwa kwa Rais William Tubman wa Liberia. Hivyo yule binti aliyeambiwa hakuna nafasi akakanyaga Afrika miaka zaidi ya 50 baadaye, mkongojo mkononi, akiwa mgeni wa taifa.

Alifariki nyumbani kwake kwa mshtuko wa moyo tarehe 18 Mei 1955. Mwaka mmoja na siku moja kabla, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Baada ya mazishi, jarida la Ebony lilichapisha wosia aliouandika. Haukuwa wosia wa shamba wala ng'ombe. Aliwaachia watu wake upendo, matumaini, kiu ya elimu, imani, na wajibu kwa vijana.

Mwaka 2022 jimbo la Florida lilimpeleka Washington kwa mara nyingine. Sanamu yake ya marumaru nyeupe kutoka Carrara, Italia, iliwekwa katika Ukumbi wa Sanamu wa Bunge, ikachukua nafasi ya jenerali aliyepigana upande wa majimbo yaliyotetea utumwa. Akawa mtu mweusi wa kwanza kuwekwa humo na jimbo lolote.

Nyumba ya Daytona, hata hivyo, ndiyo inayosema zaidi, na imebaki kwa sababu mwenyewe aliiandaa. Mwaka 1953, miaka miwili kabla ya kifo chake, aliifanya makao ya taasisi na kuhifadhi humo barua, picha na karatasi za kazi yake, ili watakaokuja wasihangaike kuuliza. Kwetu familia nyingi husubiri msiba ndipo waanze kuutafuta wasifu wa marehemu. Wajukuu huulizana usiku wa matanga bibi alizaliwa mwaka gani, alianza kufundisha shule ipi, nani alimlipia ada. Mara nyingi aliyekuwa akiyajua yote hayo ndiye aliyelala ndani ya jeneza. Nyumba yenye bibi aliyewahi kushika chaki ina maktaba inayopumua, na daftari la kuandika anayoyasimulia ni rahisi kuliko kaburi la marumaru.